Kijana anataka kununua gobori la kale, na karo bado haijalipwa

Barua nyingi zinazofika mezani pangu huhusu stempu, sarafu na noti za zamani. Mara moja moja huja ya mtu anayekusanya visanduku vya kiberiti. Lakini miezi miwili iliyopita ilinifikia barua ya namna nyingine kabisa.

Ilitoka kwa mama mmoja wa mtaa wa Buruburu hapa Nairobi, ambaye kifungua mimba wake yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja jimboni Massachusetts, nchini Marekani. Kijana huyo alikuwa amepiga simu nyumbani akiomba dola 3,500, yaani zaidi ya shilingi laki nne. Hazikuwa za karo wala za chakula. Alitaka kununua bunduki.

Mama anakiri kwamba nusura simu imdondoke. Kijana akamtuliza kwamba si bunduki ya kumpigia mtu, bali ni gobori la kale aliloliona katika mnada wa vitu vya zamani. Muuzaji alikuwa amemhakikishia kuwa lilibebwa na askari wa George Washington katika vita vya kupigania uhuru wa Marekani. Kwa vile anasomea historia, alitaka liwe la kwanza katika mkusanyo wake wa silaha za vita vya mwanzo vya nchi hiyo. Mama akaniuliza mambo mawili: je, huu ni uraibu wa watu wenye akili timamu? Na je, mwanawe anatapeliwa?

Swali la kwanza ni jepesi. Naam, ni uraibu wa watu wenye akili timamu, na huko Marekani una wafuasi wengi, wakiwemo walimu, madaktari na wazee waliostaafu. La pili lilitaka macho. Bahati nzuri kijana alikuwa ametuma picha, na mama akaziambatisha na barua. Katika picha moja bamba la mtambo lilionekana wazi. Lilikuwa na picha ya tai, herufi U na S chini yake, na kwenye mkia wa bamba neno SPRINGFIELD na mwaka: 1822.

Hapo hapo nilijua kwamba George Washington hahusiki. Vita vya uhuru wa Marekani vilianza mwaka wa 1775 vikaisha 1783. Washington mwenyewe alifariki mwaka wa 1799. Karakana ya serikali ya Springfield, ambayo wakati wa vita ilikuwa ghala tu, haikuunda bunduki hata moja kabla ya mwaka wa 1795. Gobori la mwaka wa 1822 halingeweza kupigana vita vilivyokwisha miaka 39 kabla halijaundwa. Huhitaji kuwa bingwa ili ujue hilo. Unahitaji kusoma maandishi yaliyo mbele yako na kutoa hesabu ya darasa la tatu. Hata hivyo, watu wengi hawasomi. Muuzaji akishataja jina la Washington, macho yao hufungwa.

Lakini, msomaji, kuwa muuzaji amedanganya si kusema kwamba bunduki yenyewe ni bandia. Hapa ndipo mambo yanaponoga.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno, maana Kiswahili kina utajiri wa kutosha katika jambo hili na hatuna haja ya kukopa. Gobori ni bunduki inayoshindiliwa baruti kwa mdomoni. Kile kijiti kirefu cha kushindilia ni mdeki, na mwanzi wa chuma ambamo risasi hupita ni kasiba. Gobori la zamani lililowashwa kwa jiwe tuliliita bunduki ya gumegume. Askari alirarua kwa meno kifurushi cha karatasi chenye baruti na risasi, akatia baruti kidogo katika kisahani kilicho ubavuni mwa bunduki, iliyobaki akaimimina ndani ya kasiba na kuishindilia pamoja na risasi. Alipovuta kifyatulio, nyundo iliyobana gumegume iligonga kibao cha chuma, cheche zikaanguka kisahanini, na moto ukapenya kitundu hadi ndani. Baadaye ikaja fataki. Si hizi za sherehe tunazozijua leo, bali kikopo kidogo cha shaba chenye dawa ya kulipuka, kilichovishwa juu ya chuchu ya chuma na kugongwa na nyundo. Kwa fataki, mvua haikuwa tena adui mkubwa wa askari.

Maneno haya hatukuyaokota vitabuni. Pwani yetu iliziona silaha hizi, na Wamarekani walikuwa miongoni mwa waliozileta. Wafanyabiashara wa mji wa Salem, katika jimbo lile lile anakosoma kijana wetu, ndio waliokuwa wakileta kitambaa cha merikani Unguja, na bunduki na baruti pia zilikuwa katika bidhaa zao. Mkataba uliotiwa sahihi Muscat mwezi wa Septemba 1833 kati ya Sayyid Said bin Sultan na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, unazitaja kwa jina: kisiwani Unguja, bunduki, baruti na risasi zingeuzwa kwa serikali pekee, lakini katika bandari nyingine za Sultani zingeuzwa kwa yeyote mwenye bei nzuri. Bandari nyingine, msomaji. Hebu fikiria ni nani walioumia huko.

Turudi kwa kijana. Akitaka kweli silaha ya vita vya 1775 hadi 1783, atakutana zaidi na aina mbili. Moja ni bunduki ya Kiingereza iliyopewa jina la utani la Brown Bess, yenye kasiba ya upana wa robo tatu za inchi. Wanajeshi wa Mfalme waliibeba, na wakoloni waasi pia waliibeba, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa maghalani mwao kabla ya kukosana. Ya pili ni ya Kifaransa, ambayo wakusanyaji huiita Charleville kwa jina la mji mmojawapo ilikoundwa. Ufaransa ilizisafirisha kwa siri kupitia kampuni bandia ya mwandishi wa michezo ya kuigiza, Beaumarchais, na shehena kubwa zilitua Portsmouth, New Hampshire, mwaka wa 1777. Wamarekani walizipenda hata wakazinakili: bunduki yao ya kwanza ya Springfield ni mtoto wa ile ya Kifaransa.

Sasa, silaha hizo za vita vya uhuru ni chache, ni ghali, na ndizo zinazoghushiwa kuliko zote. Mwaka wa 1777 jeshi la Washington liliamuru silaha zake zipigwe chapa ya kuonyesha kwamba ni mali ya nchi, ili askari wasirudi nazo nyumbani. Leo chapa hiyo huongeza bei mara kadhaa, na kupiga herufi mbili kwenye chuma au mti wa zamani ni kazi ya dakika tano. Mwanafunzi asiye na uzoefu akianzia hapo, atakuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ndiyo maana nikamwandikia mama kwamba mwanawe, bila kujua, alikuwa ameangukia mahali pazuri pa kuanzia. Bunduki ya picha ile ni ya muundo wa 1816. Karakana za Springfield na Harpers Ferry ziliunda zaidi ya laki sita za muundo huo hadi miaka ya 1840, mbali na zile za wakandarasi. Hakuna bunduki nyingine ya gumegume iliyoundwa kwa wingi hivyo nchini humo. Zikiwa nyingi, zinapatikana kwa bei ya binadamu, na zimeandikiwa sana hata mjinga ana pa kuuliza. Ndizo zilizobebwa na askari wengi wa Marekani katika vita dhidi ya Mexico vya 1846 hadi 1848. Na kabla ya hapo zilibebwa katika vita dhidi ya Waseminole kule Florida, na na askari waliowasukuma Wacherokee kutoka nchi yao mwaka wa 1838. Mkusanyaji anayejua kusifu mti mzuri wa kitako, na hataki kujua mambo hayo, simhesabu kuwa mkusanyaji.

Kasoro ni moja, nayo ni kubwa. Katika miaka ya 1850 serikali ilizibadili bunduki hizi kwa maelfu kutoka gumegume hadi fataki. Mafundi waliziba kile kitundu cha moto, wakaondoa kisahani, wakaziba matundu ya skrubu kwenye bamba la mtambo, wakatoboa juu ya kasiba na kuweka chuchu ya fataki. Bunduki iliyobadilishwa hivyo ni halali kabisa, ni sehemu ya historia, na bei yake ni nafuu. Lakini wanunuzi wa siku hizi hupenda zaidi ile iliyobaki na gumegume tangu mwanzo, nao hulipa zaidi. Unaona shimo lilipo? Mafundi wajanja wamekuwa wakizirudisha bunduki za fataki kuwa za gumegume: wanajaza tundu la juu, wanatengeneza kisahani kipya, wanafunga nyundo mpya. Ikishapakwa dawa ya kuizeesha, jicho la mgeni halioni kitu. Bunduki ya namna hiyo inaweza kuwa na thamani ya nusu ya ile ya asili, au chini ya nusu.

Bei ya dola 3,500 ilikuwa bei ya bunduki isiyowahi kuguswa. Nikamwomba mama amweleze kijana arudi kwa muuzaji na kumwomba, kwa adabu, afungue mtambo mbele yake. Muuzaji mwaminifu hakatai. Skrubu mbili tu hutoka na mtambo mzima ukabaki mkononi. Kijana atazame upande wa ndani wa bamba kama kuna alama za matundu yaliyozibwa. Atazame ukingo wa kile kitundu cha moto: bunduki iliyopigwa miaka mingi huwa imeliwa na baruti pale, chuma kikawa na vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Kitundu kikiwa laini na cha mviringo mzuri huku chuma kilichokizunguka kimechakaa, kuna mkono uliopita hapo. Kisha apitishe kidole na tochi juu ya kasiba, nyuma kabisa, mahali ambapo chuchu ya fataki ingekaa. Kiraka cha chuma kina rangi tofauti hata kikisuguliwa vipi.

Na kabla ya yote hayo, apime kama imeshindiliwa. Hili nalisema kwa herufi kubwa za moyo wangu. Magobori mengi yamekutwa yakiwa na baruti na risasi ndani tangu siku ya mwisho yalipotumika, na baruti nyeusi iliyokaa pakavu haizeeki. Inaweza kulipuka hata baada ya miaka 150. Njia ni rahisi. Anayepima ajiepushe na mdomo wa kasiba, auingize mdeki taratibu mpaka ugote, atie alama penye mdomo, autoe na kuulaza nje sambamba na kasiba. Mdeki ukifika karibu na kile kitundu cha moto, kasiba ni tupu. Ukiishia inchi kadhaa kabla, kuna kitu ndani, basi aiweke chini na kumwita fundi wa silaha. Asijaribu kukitoa mwenyewe.

Kuna jambo lingine ambalo wageni wa uraibu huu hulikosea, nami sina haki ya kuwacheka. Miaka mingi iliyopita nilipata sarafu ya senti kumi ya Afrika Mashariki na Uganda, nikaisugua kwa limau na majivu mpaka ikang'aa kama kijiko cha harusi. Nilipompelekea mnunuzi aliitazama mara moja tu, akanirudishia. Bunduki ni hivyo hivyo. Ile rangi ya kahawia iliyotanda juu ya chuma, na ule weusi wa mikono ya watu kwenye mti, ndivyo vyeti vyake vya kuzaliwa. Msasa ukipita, cheti kimechanika. Kitambaa laini na mafuta mepesi kidogo ya kuzuia kutu vinatosha.

Baada ya hapo huja swali ambalo muuzaji halipendi: imetoka kwa nani? Mwaka wa 1971 bunduki moja iliyoundwa mwaka wa 1775 na fundi Johann Christian Oerter wa Pennsylvania iliibwa katika jumba la maonyesho la Valley Forge, pale pale ambapo jeshi la Washington lilikaa kipupwe cha 1777 na 1778. Ilipotea kwa karibu miaka hamsini. Mchuuzi mmoja wa vitu vya kale aliikuta katika mauzo ya vitu vilivyokuwa ghalani shambani, akainunua kwa dola 4,000 akidhani ni nakala. Alipogundua ni ile yenyewe alipeleka habari kwa wanaohusika, nayo ikarejea na kuonyeshwa hadharani mjini Philadelphia mwaka wa 2019. Mchuuzi huyo alikuwa muungwana. Lakini dola zake 4,000 zilikuwa zimenunua kitu ambacho hakikuwa cha muuzaji kukiuza. Kwa hivyo risiti, jina la mwenye mali wa kwanza, picha ya zamani, barua ya familia, vyote ni sehemu ya bunduki. Na mtu akikunong'onezea kwamba ana risasi na vifungo alivyovichimba kwa mashine katika uwanja wa vita, mwambie kwaheri. Kuchimba katika mbuga za kitaifa za viwanja vya vita huko ni kosa la jinai.

Mama aliniuliza pia kuhusu sheria. Sheria ya serikali kuu ya Marekani ya mwaka wa 1968 haihesabu silaha iliyoundwa mwaka wa 1898 au kabla kuwa bunduki kama hizi za kisasa, ila kila jimbo lina masharti yake, na mwanafunzi mgeni mwenye viza hana sababu ya kubahatisha. Amwendee wakili wa wanafunzi chuoni. Lakini swali langu kwa kijana lilikuwa jepesi zaidi: unalala wapi? Maana vyuo vingi huko vinakataza silaha ya aina yoyote mabwenini, iwe ya jana au ya enzi za Washington. Na asiwaze kuifunga katika sanduku na kuja nayo likizoni. Hapa Kenya silaha hutaka cheti, na afisa wa uwanja wa ndege akiliona gobori kwenye mashine hatakaa kusikiliza hadithi ya mwaka wa 1822.

Mwanafunzi basi aanze vipi? Kwa ushauri wangu, anunue kitabu kabla ya bunduki. Kitabu cha Norman Flayderman kuhusu silaha za kale za Kimarekani, kilichotoka mara ya kwanza mwaka wa 1977 na kurudiwa mara nyingi, kinaeleza kila muundo, alama zake na jinsi ulivyobadilishwa. Bei zilizomo zimepitwa na wakati, ila maelezo hayajapitwa. Kwa vita vya uhuru kuna vitabu vya George Neumann, vyenye picha tele. Kisha aende kuzitazama silaha halisi. Karakana ya Springfield ilifungwa mwaka wa 1968 na sasa ni makumbusho ya taifa, na iko katika jimbo lake mwenyewe. Humo kuna rafu moja kubwa iliyosimamishwa mamia ya bunduki wima, zimepangana kama mabomba ya kinanda cha kanisani. Mshairi Henry Wadsworth Longfellow alilizuru ghala hilo mwaka wa 1843 akiwa katika fungate. Bibi harusi naye hakufurahishwa na silaha. Inasemekana ndiye aliyemhimiza mumewe aandike shairi la kutaka amani, na akaliandika.

Atakayetazama bunduki 50 za kweli kwa makini, ya 51 iliyochezewa itamtia shaka kabla hata hajajua ni kwa nini.

Niliyaandika yote haya katika barua kwa mama, naye akayasoma kwa simu, neno kwa neno, ilhali kijana akiguna upande wa pili. Nilidhani yameishia hapo. Juma lililopita mama akanipigia.

Kijana alirudi kwa muuzaji na bisibisi ya kuazima. Muuzaji, kwa heshima yake, hakukataa kufungua mtambo. Ndani ya bamba vilionekana viduara vitatu vya shaba ya manjano pale matundu yalipozibwa zamani, na juu ya kasiba palikuwa na kiraka chenye ukubwa wa ukucha. Gobori lilikuwa la kweli, la mwaka wa 1822 kweli, lililogeuzwa fataki kisha kurudishwa gumegume na fundi asiyejulikana. Muuzaji aliapa kwamba naye aliuziwa hivyo, na pengine ni kweli. Papo hapo akashusha bei hadi dola 1,500.

Mama anasema kijana alishikwa na tamaa tena, nami simlaumu. Alizunguka pale nusu saa. Mwishowe akaondoka na jiwe moja la gumegume na risasi moja ya zamani, vyote viwili katika kikopo cha dawa, kwa pesa zake za mfukoni. Kisha akaomba nyumbani dola 40 za kitabu.

Mama amezituma, na karo ya muhula nayo imelipwa. Ila sasa kijana ameanza kuniandikia mwenyewe. Anataka kujua herufi za mkaguzi zilizopigwa muhuri kwenye mti, upande ulioelekeana na mtambo, zina maana gani na ni za nani. Nitamjibu kwa barua. Jumapili ijayo turudi kwenye stempu, maana bwana mmoja wa Nakuru amesubiri jibu lake tangu Pasaka.